Jamhuri ya siku 105 ndani ya mkebe wa biskuti

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi mimi hukutana na wanafunzi wangu wachache katika maktaba ya Kaloleni, Eastlands. Si darasa la kwenye ratiba. Wengi wao wanaishi Jericho, Makongeni, Shauri Moyo, Umoja na Kariobangi, na nauli ya kufika chuoni siku isiyo ya masomo ni pesa ya chakula. Basi mwalimu ndiye anayepanda matatu. Nami nililelewa mitaa hii hii, baba akifanya kazi ya reli, kwa hivyo hakuna anayeweza kuniuliza nimepotea vipi.

Muhula huu tunasoma dola moja tu: Jamhuri ya Watu wa Zanzibar. Ilizaliwa Januari 12, 1964, siku ya mapinduzi, na ikakoma Aprili 26 mwaka uo huo ilipoungana na Tanganyika. Hebu hesabu mwenyewe, na usisahau kwamba Februari ya mwaka huo ilikuwa na siku 29. Utapata siku 105. Ndani ya siku hizo kulikuwa na rais, Abeid Amani Karume, na waziri wa mambo ya nje, Abdulrahman Babu. Kulikuwa na Baraza la Mapinduzi, amri, stempu na mabalozi. Visiwa vingalipo, watu wangalipo, na Serikali ya Mapinduzi ingalipo hadi leo. Kilichokoma ni ile dola iliyosimama peke yake mbele ya mataifa.

Mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nini niwapotezee vijana muda kwa kitu cha miezi mitatu na nusu. Nilimjibu kwamba Wamarekani wana Jamhuri ya Texas, iliyodumu kutoka 1836 hadi 1845 mpakani mwa Meksiko, na hadi leo watoto wa Texas wanafundishwa habari zake. Yetu haikufikisha hata mwaka, lakini nayo ilikuwa dola ya mpakani. Ilikuwa mpaka wa bara na bahari, mpaka wa Afrika na Uarabuni, na mwaka huo ikawa pia mpaka wa vita baridi. Marekani walikuwa na kituo chao Unguja cha kufuatilia vyombo vya anga za juu, huku Ujerumani Mashariki nayo ikifungua ubalozi hapo hapo. Ukisoma mawasiliano ya wanabalozi wa Marekani ya miezi hiyo, ambayo siku hizi yamechapishwa na yako wazi kwa yeyote, utaona jinsi walivyoogopa kupata Kuba nyingine katika Bahari ya Hindi.

Dola fupi ina faida nyingine kwa mwalimu: karatasi zake zinaenea mezani. Nikitaka kufundisha historia ya Uingereza kwa vyanzo asilia nitahitaji lori. Zanzibar ya siku 105 naibeba kwenye mkoba, na kijana wa mwaka wa pili anaweza kuimaliza na akaanza kugombana nayo.

Masharti yangu ni mawili. Hakuna kitabu cha kiada, na hakuna simu kwa saa mbili. Kabla ya kuniuliza kilichotokea, mwanafunzi aniambie nani aliandika karatasi iliyo mbele yake, lini, kwa lugha gani, na akitaka nini.

Tulianza na stempu. Ninayo moja niliyoinunua mjini miaka mingi iliyopita kwa bei ya soda. Ina picha ya sultani, na juu ya picha hiyo pamegongwa muhuri wenye maneno JAMHURI 1964. Msichana mmoja akaitazama kwa muda kisha akasema, "Prof, si wangetengeneza tu ingine?" Hilo ndilo swali nililokuwa nangoja. Hawakuwa na ingine. Serikali mpya iliamka ikakuta posta imejaa picha za usultani iliouangusha, na barua lazima ziende. Kwa hivyo makarani wakachukua mihuri ya mkono na kuanza kugonga. Ukiangalia stempu za wiki za kwanza, maandishi yamelala upande, mengine yamefifia, mengine yamepita ukingoni. Zile zilizopigwa chapa vizuri mtamboni zilikuja baadaye. Hakuna hotuba inayoweza kukuonyesha hali ya serikali ya siku tano kama upande uliolala wa muhuri ule.

Kisha tukalichukua neno lenyewe. Kwa vijana wa Nairobi, Jamhuri ni sikukuu ya Desemba 12, gwaride na nauli kupanda. Walishtuka kusikia kwamba Januari 1964 Kenya haikuwa jamhuri. Tulikuwa na uhuru wa mwezi mmoja tu na Malkia wa Uingereza ndiye aliyekuwa bado mkuu wa dola yetu. Tulingoja hadi Desemba 12, 1964. Tanganyika ilishatangulia Desemba 1962. Na neno lenyewe tumelitoa kwa Waarabu: jumhur ni umati, watu wengi. Kwa hiyo waliompindua sultani wa asili ya Oman walipotafuta jina la dola yao, walilipata katika lugha ya babu zake. Sioni ajabu hapo. Kiswahili hakijawahi kumuuliza mtu kabila kabla ya kuchukua neno lake.

Neno la pili ni mapinduzi. Kijana wa Kaloleni ukimwambia "pindua" atafikiria chapati. Mtu wa Unguja atafikiria jahazi likienda mrama hadi tumbo likawa juu. Wapo pia wasiokubali neno hilo kabisa, wakasema yale yalikuwa mavamizi. Harith Ghassany, katika kitabu chake cha mwaka 2010, Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, amekusanya masimulizi mengi kwa Kiswahili kuonyesha mkono wa Tanganyika katika mambo yale. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane. Ninachowaambia wanafunzi ni kwamba nomino tu inatosha kukuonyesha mwandishi amesimama wapi kabla hajafika kwenye kitenzi.

Nifike sasa mahali ambapo lazima nikiri kosa langu.

John Okello alizaliwa Lango, Uganda. Alipita Kenya akifanya kazi za mikono, Nairobi ikiwemo, akavuka hadi Pemba mwaka 1959, na baadaye akahamia Unguja. Sauti yake ndiyo iliyosikika redioni siku zile, akijiita Fildi Mashali. Kufikia Machi 1964 alikuwa ameshaondolewa visiwani. Kitabu chake kuhusu mapinduzi kilichapishwa kwa Kiingereza hapa Nairobi mwaka 1967. Ndani yake kuna hesabu ya waliouawa. Inapita 13,000, na haikuzungushwa kuwa elfu au mia: imeandikwa hadi mtu wa mwisho, maadui safu yao, watu wake safu yao.

Kwa miaka mingi niliiandika hesabu hiyo ubaoni. Niliipenda kwa sababu ya ule ukamilifu wake. Nilijiambia, mtu aliyetaja hadi tarakimu ya mwisho bila shaka alihesabu. Vizazi kadhaa vya wanafunzi waliinakili, wakaijibia mitihani, na sasa baadhi yao ni walimu, na bila shaka nao wanaiandika ubaoni.

Aliyenitoa usingizini ni mvulana wa Shauri Moyo, kinyozi wakati wa likizo. Alisoma ukurasa ule mara mbili akasema, "Prof, alihesabu saa ngapi na yeye alikuwa anapigana?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nani alipita nyumba hadi nyumba, shamba hadi shamba, Unguja yote, wiki zile zile, na daftari? Daftari liko wapi? Makadirio ya watu wengine yanaanza na mamia na kufika maelfu mengi, na wengi wa waliouawa walikuwa Waarabu na watu wa asili ya Bara Hindi. Kwamba mauaji yalitokea, na kwamba yalikuwa makubwa na ya kutisha, hilo halina shaka. Lakini tarakimu ile inatuambia zaidi kuhusu mtu aliyetaka kuonekana jemadari wa kila risasi kuliko inavyotuambia kuhusu makaburi.

Ili wasidhani kila tarakimu ni ya kutupwa, niliwapa nyingine. Uchaguzi wa Julai 1963: chama cha Afro-Shirazi kilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Vyama vya ZNP na ZPPP vikaunda serikali iliyopokea uhuru Desemba 10, 1963. Hesabu hii ilifanywa mbele ya mawakala wa pande zote, na kila upande uliipokea na uchungu wake au furaha yake. Ni tarakimu iliyopita mikononi mwa mahasimu ikatoka nzima. Kijana akielewa tofauti ya tarakimu hizi mbili, mimi nimeshalipwa.

Karatasi ya mwisho ya dola hiyo ni Hati za Muungano, zilizotiwa saini na Nyerere na Karume Aprili 22, 1964. Ni fupi, unaweza kuzisoma ukingoja chai ipoe. Mambo yaliyowekwa chini ya Muungano yalikuwa 11. Bunge la Tanganyika liliziridhia Aprili 25. Upande wa Zanzibar ndiko wanasheria wanakovutana hadi leo. Profesa Issa Shivji ameeleza kwamba ile sheria inayodaiwa kuwa ya Baraza la Mapinduzi ilichapishwa katika gazeti rasmi la Tanganyika. Wanafunzi wangu waliiona hiyo kama hadithi ya upelelezi, nami sikuwazuia. Mtu akijifunza kutazama chini ya ukurasa, ni nani aliyepiga chapa na wapi, ameshaanza kuwa mwanahistoria.

Kuhusu mashahidi walio hai, mwanafunzi mmoja ana bibi yake Eastleigh, mzaliwa wa Unguja mjini, aliyeondoka akiwa msichana. Tulimtembelea watatu tu, maana kumjazia mzee watu ni utovu wa adabu. Tukaamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba, wanangu. Karibuni, kahawa iko tayari." Alizungumza saa nzima kuhusu shule, Mwaka Kogwa na bei ya samaki kabla ya kugusa Januari. Alipoigusa, hakusema habari ya bunduki. Alisema habari ya Kiswahili.

"Tulifungua redio tukasikia mtu anasema Kiswahili ambacho si chetu. Maneno tunayajua, lakini yanakwenda kama mtu anayevunja kuni. Baba akasema, huyu nani? Mama akasema, huyu hatujui, na sisi hatumjui. Hapo ndipo nilipoogopa, mwanangu. Adui unayemjua utamwomba."

Nimesoma mengi kuhusu Okello na lafudhi yake ya bara, lakini sikuwahi kuona jambo hilo limewekwa namna hiyo. Hatujazoea kuiweka lafudhi katika orodha ya vyanzo. Bibi yule alikuwa ameihifadhi sikioni kwa miaka sitini.

Nilipokuwa nadhani muhula umekwisha, msichana yule aliyeuliza kuhusu stempu alikuja Jumamosi moja na mkebe wa biskuti, ile ya bati ambayo kwa mama zetu haikosi sindano na vifungo. Anaishi Jericho na dani yake. Marehemu babu yake alikuwa mfanyakazi wa reli akikaa Makongeni, na ndugu wa babu alikuwa fundi wa mawe aliyekwenda kutafuta kazi Unguja kabla ya uhuru. Ndani ya mkebe, chini ya vyeti vya ubatizo, kulikuwa na bahasha. Kwenye bahasha kulikuwa na stempu. Sultani, na juu yake JAMHURI 1964, maandishi yamelala upande.

Mikono yangu ilitetemeka kidogo, sitaficha. Nilitaka sana barua ile iwe na kila kitu.

Haikuwa na kitu. Imeandikwa Machi 1964, Kidholuo kimechanganywa na Kiswahili, kurasa mbili. Anauliza habari ya mama. Anauliza kama paa la nyumba kule nyumbani limeezekwa. Anasema kazi imesimama kwa sababu tajiri wake hayupo, na kwamba watu wa bara wanaambiwa wajiandae kurudi kwao. Halafu, kabla ya salamu za mwisho, mistari miwili: amepata cherehani nzuri, ya miguu, kwa shilingi kumi, na atakuja nayo.

Mvulana kinyozi ndiye aliyesema. "Cherehani, kumi bob? Hata kitambo hicho?"

Pale mezani pakawa kimya. Msichana akafunga mkebe, akaufungua tena. Akasema polepole, "Iko kwa nyumba. Dani ametusomesha nayo sisi wote."

Mwenzake ambaye bibi yake ni wa Eastleigh alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwake. Hakusema neno. Alichukua ile barua, akaisoma upya pale alipoelewa Kiswahili, akairudisha mezani ikitazama upande wa mwenyewe.

Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini na sikuwa na jibu tayari. Niliwaambia tu kile ambacho karatasi inasema na kile isichosema. Inasema tajiri hayupo. Haisemi yuko wapi. Inasema bei. Haisemi muuzaji. Watu waliokuwa wakikimbia waliuza vitu kwa bei ya kutupa, na huo ni ununuzi. Vitu viliporwa pia, vikauzwa barabarani, na huo nao ni ununuzi wa aina yake. Fundi wa mawe aliyeachishwa kazi na kuambiwa arudi kwao alikuwa na shilingi kumi na akaona cherehani. Kutoka maktaba ya Kaloleni hatuwezi kwenda zaidi ya hapo bila kubuni, na mwanahistoria anayebuni hapo atabuni kwa faida ya jamaa yake au kwa hasara ya jamaa ya mwenzake.

"Sasa niandike ama nisiandike?" akaniuliza.

Nikamwambia barua si yangu wala si yake. Amuulize mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata alikuja bila mkebe. Dani alikuwa amesikiliza yote, akanyamaza, akaendelea kupinda suruali ya sare ya mtoto wa jirani. Baadaye akasema shemeji yake alipofika na mashine ile, Makongeni yote ilikuja kuitazama, na kwamba mkwewe alikataa kuigusa mwaka mzima. Hakueleza sababu na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Halafu akasema: andika, lakini jina la familia usiweke, na barua irudi mkebeni.

Mkwe aliyekataa kuigusa. Hilo halimo katika barua, halimo kwa Okello, wala katika mawasiliano ya Wamarekani. Mama mzee wa Makongeni mwaka 1964 aliiangalia cherehani ya miguu akahesabu kitu kichwani mwake, na hesabu hiyo hakuwahi kuisema mbele ya mtu yeyote.

Insha imefika, kurasa 14. Ina makosa ya upatanisho wa kisarufi kwenye ukurasa wa tatu na wa tisa, nimeyazungushia wino. Ameeleza stempu vizuri kuliko mimi. Sura ya barua ameipa kurasa mbili tu, na mahali pa kusema cherehani ilitoka wapi ameacha nafasi ya mistari kadhaa, tupu, bila maelezo. Nilimpa 78. Pembeni mwa ile nafasi tupu sikuandika kitu.

Mwenzake wa Eastleigh bado hajaleta yake. Ameomba wiki mbili zaidi, anasema bibi ameanza kukumbuka majina ya majirani.